Kihisi cha mkazo kwenye kreni: usiilaumu redio kwanza

Kwenye mguu wa kreni pale bandari ya Kilindini, Mombasa, hubandikwa kihisi cha mkazo, kijikaratasi chenye waya mwembamba kinachopima chuma kinavyonyooka chini ya mzigo. Nodi isiyo na waya, yaani kisanduku kinachotuma vipimo hivyo kwa redio, ikianza kutoa namba za ajabu, watu hukimbilia antena. Angalia kwanza gundi iliyoshika kihisi.

Kwangua rangi mpaka chuma king'ae, kisha piga msasa namba 220 na umalizie na 320. Futa kwa spiriti kuelekea upande mmoja tu, kila mfuto na kipande kipya cha kitambaa. Ukirudi nyuma umerudisha mafuta uliyoyatoa. Bandika kihisi papo hapo, maana upepo wa chumvi haukungoji umalize chai. Supa gluu inatosha jaribio la wiki. Kwa miaka, tumia epoksi. Silikoni ya kufunikia ndiyo mtego: ile yenye harufu ya siki hutoa asidi inayokula shaba. Chukua isiyonuka siki, na uipandishe sentimita 2 au 3 juu ya rangi nzima pande zote.

Kabla ya kufunika, pima ukinzani kati ya kihisi na chuma. Upate megaomu 1,000 au zaidi. Ukinzani ukishuka baadaye, maji yameingia. Mega ya volti 500 ya fundi umeme (kipimo cha ukinzani kinachotumia volti kubwa) iache kwenye mkoba, itaharibu kihisi.

Soma pia namba ya fidia ya joto kwenye pakiti, inayolinganisha kihisi na jinsi metali inavyotanuka: 11 ni ya chuma, 23 ya alumini. Ukibandika 23 kwenye chuma, kila nyuzi 1 ya joto inakuongopea kama maikrostreni 12 (sehemu 12 kwa milioni za urefu). Chuma kikitoka nyuzi 25 alfajiri hadi 50 mchana, hizo ni 300, sawa na megapaskali 60 za mzigo ambao haupo. Mtu anaweza kusimamisha kreni kwa sababu ya jua.

Ili kubana umeme wa betri, nunua vihisi vya omu 350. Kwa volti 3, cha omu 120 hunywa miliampea 25. Cha 350 hunywa kama 8.6.

Antena iwe mbali na bamba la chuma, na kipokezi kiwe juu kuliko kontena zilizopangwa, kwa kuwa ukuta huo huhama kila siku.

Betri za lithiamu za volti 3.6 zilizolala stoo muda mrefu zipime zikiwa na mzigo. Mita itaonyesha 3.6 vizuri tu, lakini redio ikirusha, volti inaporomoka na nodi inajiwasha upya. Hapo kapasita kubwa sambamba na betri ndiyo dawa.