Maswali Yenu: Miungu ya kwenye magemu, nani wa kweli nani muongo?

Mwezi huu inbox imejaa dini. Sio dini zetu jamani tulieni, ni zile za kwenye magemu ya fantasia, na wengi mnacheza The Elder Scrolls, ule mfululizo wenye Skyrim na Morrowind, kwahiyo nimeyaweka pamoja.

Swali: Mkuu, ndo nimeanza Skyrim, kila mji watu wanagombana kuhusu Talos. Kwani huyu Talos ni mungu kweli au sio? Na wale Thalmor shida yao nini? (Msomaji, Mwanza)

Mdogo wangu, Talos alikuwa binadamu. Tiber Septim, mfalme aliyeiunganisha Tamriel nzima, bara lote la magemu haya, kwa upanga, alipokufa watu wakasema kapanda kawa mungu, basi Miungu Nane wakawa Tisa. Sasa Thalmor ni watawala wa kielf (elf, wale viumbe wenye masikio ya ncha), na kwa imani yao binadamu kuwa mungu ni tusi kabisa, kwahiyo baada ya ile Vita Kuu walipoibana Himaya wakaweka kwenye mkataba wa mwaka 175 wa Enzi ya Nne kwamba Talos marufuku. Himaya ikasaini maana ilikuwa hoi. Wewe unaingia mwaka 201, miaka 26 baadae, na watu bado wana hasira, ndo maana Ulfric, kiongozi wa waasi, anapata wafuasi.

Kama ni mungu kweli au sio? Geimu haikwambii, na mimi napenda hivyohivyo. Kuna jamaa atakuambia si ukigusa madhabahu ya Talos unapata baraka, kelele zako za uchawi (Shout) zinarudi haraka kwa asilimia 20, ushahidi huo hapo. Sawa, ila ukija kwenye Dawnguard, nyongeza ya Skyrim, kuna madhabahu ya Auriel, mungu wa elf haohao, nayo inatoa baraka vilevile. Kwahiyo kila upande una hoja yake, we chagua unayempenda uendelee na safari.

Swali: Kaka, huku Mombasa wazee wa magemu wanatuambia ati Skyrim ni ya watoto, dini ya ukweli iko Morrowind. Hiyo geimu ni ya 2002 jameni, picha zenyewe zimechoka. Wanasifia nini hasa?

Hao wazee wasikilize, kwa hili wako sahihi kabisa.

Morrowind wana miungu watatu walio hai, Vivec, Almalexia na Sotha Sil. Hai yaani unaenda mjini kwa Vivec unafungua mlango wa kasri lake unamkuta amekaa hewani, unapiga nae stori. Hekalu, yaani dini rasmi ya kule, linafundisha kwamba hawa watatu walikuwa washauri wa shujaa Nerevar, shujaa akafa kwa majeraha ya vita pale Red Mountain, wao wakapanda daraja kwa utakatifu wao. Ukitoka nje ya mji ukaenda kwa Ashlander, wale wafugaji wanaoishi kwenye mahema jangwani kwenye majivu, wanakupa stori nyingine kabisa: Nerevar aliuliwa na hao hao watatu, wakavunja kiapo walichomwapia Azura, mungu wa kike wa zamani, wakaenda kunyonya nguvu kwenye Moyo wa Lorkhan, moyo wa mungu wa kale uliofichwa chini ya mlima, na Azura kwa hasira akawageuza kabila zima la Morrowind ngozi ikawa rangi ya majivu na macho mekundu. Halafu kuna mapadri waliojitenga na Hekalu wamejificha kwenye monasteri ya Holamayan, wanasema Hekalu lenyewe lina maandiko ya siri yanayokubaliana na Ashlander. Halafu Dagoth Ur, yule adui mkubwa, nae ana toleo lake. Na Vivec ukimuuliza uso kwa uso anakana.

Sasa utamu uko hapa. Kuna mahubiri 36 ya Vivec yametawanyika kwenye vitabu ndani ya geimu, ukiyasoma unaona maneno ya kichaa tu hayaeleweki, lakini hubiri la 29 lina orodha ya namba, ukizitumia kama ufunguo kuhesabia maneno ya mahubiri mengine inatoka sentensi inayosema Vivec aliiba uungu na akamuua Nerevar. Ameandika mwenyewe! Mungu anakana hadharani halafu anakiri kwa mafumbo kwenye msahafu wake mwenyewe, na hakuna misheni hata moja inayokutuma ukatafute hilo.

Na sio theolojia tu, ukijiunga na Hekalu unapewa ibada za kufanya. Unaenda hija kwenye vituo saba, kila kituo na sadaka yake, na ipo hija moja mpaka Sanctus Shrine unatakiwa usiongee na mtu yeyote njia nzima, kwahiyo inabidi utembee, maana mtu wa kukusafirisha ni lazima umuongeleshe. Juu ya mji wa Vivec kuna jiwe kubwa linaning'inia, linasemekana lilirushwa na Sheogorath, mungu wa wazimu, kuuponda mji na Vivec akalizuia kwa nguvu zake, na Hekalu likafanya nini, likalichimba ndani likaweka gereza la wapinzani wa dini. Limeitwa Wizara ya Ukweli. Serikali nyingi zingeona wivu.

Kitu kingine, imani zinabadilika na wakati. Cheza Dragonborn, ile nyongeza ya Skyrim ya 2012, fika Raven Rock. Imepita miaka kama 200, wale watatu hawapo tena, jiwe limeanguka, mlima umelipuka, na padri wa pale anaheshimu miungu ya zamani, Azura, Boethiah na Mephala. Walichokuwa wanafungia watu zamani sasa ndo dini rasmi.

Swali: Mwanangu ana miaka 14, nimemkuta kwenye geimu anaongea na sanamu la shetani linampa kazi. Je anaabudu majini bila kujua? Mama, Dodoma

Shikamoo mama. Mimi sio shehe wala mchungaji, upande wa imani muulize kiongozi wako wa dini. Upande wa geimu nakujibu: hao ni Daedra, viumbe wenye nguvu za kimungu kama Azura na Sheogorath niliowataja juu, na kazi zao karibu zote ni za hiari, mchezaji anaweza kuzipita asipoteze kitu kikubwa. Ila mama nisikufiche, zipo mbaya. Boethiah anataka umtoe kafara rafiki unayetembea nae, Namira anataka ule nyama ya mtu. Skyrim Ulaya imewekewa alama ya miaka 18, iko kwenye boksi, na 14 sio 18.

Kuhusu hofu yenyewe, hauko peke yako. Marekani miaka ya 80 wazazi waliwaka sana juu ya geimu ya mezani Dungeons & Dragons wakisema inafundisha ushetani, mpaka toleo la pili la 1989 likawaondoa mademoni na mashetani kwa majina yao, baadae wakarudi wakiitwa tanar'ri na baatezu. Viumbe walewale! Kaa nae siku moja akuoneshe anachocheza, utajua mengi kuliko kumnyang'anya.

Swali: Bro natengeneza geimu ya mezani na washkaji, nimeandika miungu 12, wa moto, wa maji, wa vita n.k. lakini wachezaji hawajali, wanaona ni stika tu. Nifanyeje? (Arusha)

Futa 10, bakiza wawili wanaogombaniwa. Tatizo la orodha ya mungu wa moto mungu wa maji ni kwamba haimdai mchezaji chochote. Mwangalie Greg Stafford, alianza kuitunga dunia ya Glorantha 1966, na geimu ya mezani ya RuneQuest ilipotoka 1978 ikaitumia dunia hiyo. Mle ndani unajiunga na kundi la ibada, linakupa uchawi lakini linakudai muda wako, mali yako, na miiko. Na mashujaa wanaweza kuingia ndani ya hadithi ya mungu wao wakaiigiza upya, na wakikosea wanaumia kweli. Ken Rolston aliyeongoza usanifu wa Morrowind aliwahi kusimamia RuneQuest kabla, sasa unaona ile hija ya kimya ina ukoo.

Kwahiyo anza na vitu vidogo: watu wanaapa kwa nini, hawali nini, nani anazika maiti na analipwa na nani. Halafu weka kijiji cha pili kinachosema nyie mmekosea. Na wewe kama mwongozaji wa meza, usiseme nani mkweli hata wakikubembeleza.

Swali: Kuna kabila lolote mle kwenye The Elder Scrolls lisiloabudu kabisa?

Lipo, Dwemer. Walijua Daedra wapo ila waliwadharau, wakaamua kujitengenezea mungu wao wa chuma, Numidium, kwa kutumia ule Moyo wa Lorkhan, na siku hiyohiyo wakatoweka kabila zima. Chuma kikabaki, na baadae Tiber Septim akakitumia kwenye vita vyake. Kwenye Morrowind amebaki Dwemer mmoja tu, Yagrum Bagarn, yuko chini ya Tel Fyr, mnara wa mchawi mmoja, kwa wagonjwa wa corprus, ugonjwa unaoharibu mwili na akili, hakuwepo nyumbani wenzake walipotoweka. Ukienda kumuona usipige mgonjwa yeyote mle ndani hata akikushambulia, mwenye nyumba hapendi na bado utamhitaji.