Mlima ulioliwa na panya, na maswali mengine ya reli za mezani

Nilipotaja hapa kwamba sebuleni kwangu nina mfano mdogo wa kipande cha reli ya Tanga wenye urefu wa meza ya chakula, sikujua nachokoza nyuki. Kumbe mko wengi: mmenunua au mmeletewa treni ndogo ya umeme, mmeitandaza reli juu ya ubao, na sasa ubao mtupu unawatazama. Maswali ya treni zenyewe nimeyaweka kando. Haya ni ya mandhari.

*Shikamoo mwalimu. Mjomba kaniletea seti kutoka Ujerumani, na ndani mna nyasi za kijani kwenye pakiti na misonobari kumi na miwili. Nimebandika kila kitu kama maelekezo yanavyosema, lakini meza inafanana na keki ya birthday. Nimekosea wapi? (Kijana wa Moshi)*

Marahaba, mwanangu. Kubandika hukukosea. Pakiti ile ilitengenezwa kwa ajili ya mtu anayetaka vilima vya Ujerumani, na wewe unakaa Moshi. Macho yako yanajua nyasi za kwenu zina rangi gani mwezi wa tisa, ndiyo maana yanakataa.

Gundi iache pembeni kwanza. Chagua kipande kimoja cha reli unachokifahamu, hata mita mia mbili tu, simama mahali salama kando yake na upige picha nyingi: ardhi, mitaro, kalvati, njia ya miguu inayokatiza pale ambapo watu wote hukatiza. Ukizitazama nyumbani utashangaa jinsi kijani kilivyo kidogo. Kuna udongo, kuna nyasi zilizokauka, kuna vumbi lililopanda juu ya majani. Anza na rangi ya udongo ubao mzima, hadi chini ya mahali patakapokuwa na nyasi, kisha nyasi ziwe viraka viraka juu yake. Zile za kwenye pakiti usizitupe. Changanya na vumbi la mbao ulilolipaka rangi ya kahawia na ya makuti makavu, zitatulia.

Halafu itazame reli yenyewe, kwa sababu wengi huihangaikia milima na kuiacha reli iking'aa kama sinia jipya. Paka ubavu wa chuma rangi ya kutu, kisha futa sehemu ya juu kabla rangi haijakauka, maana umeme wa treni unapita hapo. Na mataruma, yale yanayolala chini ya reli kuibeba? Seti nyingi huja na mataruma ya plastiki yenye sura ya mbao. Reli zetu za zamani zilitumia sana mataruma ya chuma, mojawapo ya sababu ikiwa mchwa. Kwa hiyo yapake kutu iliyochanganyika na vumbi, si rangi ya mbao. Ukiwa unatengeneza TAZARA (reli ya Tanzania na Zambia) au SGR (ile reli mpya iliyo pana zaidi), yawe ya kijivu cha zege. Watazamaji wengi hawatajua umefanya nini, ila wataacha kusema keki.

*Nataka kutengeneza reli ya zamani ya Mombasa hadi Nairobi, lakini rafiki yangu anasema nifanye SGR. Je, mandhari inabadilika kulingana na ukubwa wa treni? (Nairobi, South B)*

Inabadilika sana, na hesabu yake ni rahisi. Treni zinazouzwa kwa wingi duniani zina skeli ya 1:87, yaani kila kitu ni kidogo mara 87, na reli yake ina upana wa milimita 16.5 kati ya chuma na chuma. Zidisha kwa 87 unapata 1,435, yaani upana uleule wa SGR, ya Kenya iliyofunguliwa 2017 na ya Tanzania iliyoanza kubeba abiria 2024. Reli ile iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu 1901 ina upana wa mita moja. Kwa skeli hiyohiyo inahitaji reli ya milimita 12, nayo hupatikana, ila kwa bei ya juu na kwa kuagiza.

Ushauri wangu kwa anayeanza: tumia reli uliyonayo, na uache mandhari iseme ni wapi. Kama moyo wako uko kwenye mvuke, nenda kwenye makumbusho ya reli hapo Nairobi ukalitazame garimoshi namba 5918, Mount Gelai. Ni mojawapo ya majitu 34 ya aina ya 59 yaliyojengwa na kampuni ya Beyer Peacock ya Manchester na kupewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Huenda usilipate la mfano dukani, lakini ukisimama karibu nalo utaelewa kutu na masizi vina rangi ngapi.

Ukichagua SGR, jiandae kwa tuta refu lenye kingo zilizonyooka, uzio na madaraja ya zege. Ya Tanzania ina nguzo na nyaya za umeme juu, na kuzitengeneza nguzo hizo ni adhabu. Reli ya zamani inapindapinda na kuufuata mlima, kwa hiyo makosa yako ya mkono yanafichika.

*Mwanangu, nilijenga mlima na wajukuu zangu kwa magazeti na uji wa ngano kama tulivyofundishwa shule. Ulipendeza. Wiki ya tatu tumekuta panya wameutoboa, na ndani wamezaa. (Bibi wa wajukuu watatu, Muheza)*

Shikamoo bibi. Pole, ingawa nimecheka hadi mke wangu akaja kuuliza kulikoni. Uji wa ngano ni chakula, na wewe uliwapikia kisha ukawajengea nyumba.

Safari hii kata vipande virefu vya boksi, visuke kama ukili wa jamvi, na uvibane kwa stepla juu ya vigingi vya mbao ili vipate umbo la mlima. Juu yake laza magazeti au vitambaa vya pamba chakavu vilivyochovywa kwenye jipsamu, ule unga wanaotumia mafundi wa dari, ulioukoroga uwe mzito kama maziwa mgando. Koroga kidogo kidogo, maana hugeuka jiwe ndani ya dakika chache ukiwa bado unawatafuta wajukuu. Ile bandeji ya kumfungia aliyevunjika mguu hufanya kazi hiyohiyo bila uchafu mwingi, ila bei yake si ya mchezo.

Siri moja: tia rangi ya kahawia ndani ya jipsamu yenyewe. Mlima ukigongwa na kumeguka, na kwa wajukuu watatu utagongwa, hakutatokea kovu jeupe. Pia acha tundu nyuma linalopitisha mkono wako mzima. Treni hupenda kuanguka mahali pasipofikika.

*Udongo wa Voi ni mwekundu kuliko rangi yoyote ya dukani. Naweza kuuweka wenyewe? Na kokoto je? (Voi)*

Weka. Hakuna rangi itakayoushinda, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu swali hili ndilo lililonigharimu.

Kwanza, uanike udongo, kisha ukaange kwenye kikaango kikuukuu kwa nusu saa ili mayai ya wadudu yafe. Majirani watasema yao. Uache upoe, uponde, uupitishe kwenye chujio la chai. Ulichopata kipitishe tena kwenye soksi ndefu ya nailoni. Kinachopita ni vumbi la barabara na la uwanja wa stesheni, kinachobaki ni changarawe. Kokoto halisi ya sentimita 5, ukiigawa kwa 87, ni nusu milimita na kitu. Wanaoanza karibu wote huweka kokoto kubwa mno, na treni inaonekana inapita juu ya viazi.

Pili, na usiliruke hili: funga sumaku ndani ya mfuko wa plastiki na uizungushe kwenye udongo wako. Itatoka na manyoya meusi. Hizo ni chembe za madini ya chuma. Vua mfuko juu ya pipa la taka, rudia mpaka sumaku itoke safi. Mota ya treni ina sumaku ndani, na chembe hizo zikilegea relini huingia humo na kukaa. Kichwa changu cha treni cha kwanza kilikufa hivyo, kikisaga kama kinu, nami nikamlaumu fundi.

Mchanga wa baharini, kama unao karibu, uoshe kwa maji yasiyo na chumvi mara tatu au nne. Chumvi hula nyaya na kila kilicho cha chuma.

Kuubandika: mahali pa udongo paka gundi nyeupe ya mbao na unyunyizie udongo juu. Kokoto za katikati ya mataruma ni tofauti. Zitandaze zikiwa kavu, zipange kwa brashi laini mpaka hakuna hata moja iliyopanda juu ya taruma, na huku ndiko kazi iliko. Kisha pulizia maji yenye tone la sabuni ya kuoshea vyombo. Bila sabuni, gundi itasimama juu kama matone ya mvua kwenye jani la mgomba. Mwisho dondosha gundi iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu kwa bomba la sindano, taratibu, na uondoke chumbani hadi kesho yake. Kwenye pointi, pale reli inapogawanyika, usidondoshe chochote karibu na ndimi zinazosogea. Na tarajia udongo ukauke ukiwa umekolea kidogo kuliko ulivyokuwa kwenye kikaango.

*Mimi ni wa Tanga, niko Muscat mwaka wa ishirini sasa. Nataka mikonge, mibuyu na minazi, lakini huku madukani ni miti ya Ulaya tu. (Muscat)*

Ndugu yangu, tumia mkonge kutengeneza mkonge. Kamba ya katani ukiifumua na kuikata vipande vya milimita 4 au 5 inakuwa nyasi kavu za kiangazi zisizo na mshindani. Kwa skeli ya 1:87 hizo ni nyasi za kufika gotini. Chovya mafungu machache kwenye chai ya rangi ili yasifanane, weka tone la gundi, simamisha.

Mmea wenyewe wa mkonge ukate kwenye karatasi ngumu iliyopakwa kijani cha kijivu: nyota tatu au nne zenye ncha kali, zinazopungua ukubwa, moja juu ya nyingine, majani yakikunjwa kuelekea juu. Kimo kisizidi sentimita 2. Mmoja ni kazi ya dakika tano, na shamba linataka mia, tena kwa mistari iliyonyooka kabisa. Mistari ndiyo inayosema Tanga. Ujenzi wa reli ya Tanga ulianza 1893, na mwaka huohuo Mjerumani Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo, akaleta miche ya mkonge kutoka Florida. Wamekua pamoja, kwa hiyo usitengeneze mmoja ukamwacha mwenzake.

Mbuyu ndio mti bora wa mtu anayeanza, kwa sababu kiangazi hauna majani. Sokota nyaya za shaba kutoka kwenye waya wa umeme mkuukuu, nene chini, ukizigawa juu kuwa matawi mafupi yaliyopinda. Nenepesha shina kwa karatasi, paka jipsamu iliyochanganywa na gundi, kwaruza mikunjo kwa sindano. Mbuyu wa mita 13 ni sentimita 15 mezani, na shina lenye unene wa vidole vitatu si kosa. Rangi yake ni kijivu chenye wekundu kwa mbali. Weka mmoja au miwili tu.

Minazi nimejaribu miaka mingi na yangu bado inafanana na miavuli iliyovunjwa na upepo. Jambo moja nimejifunza: pindisha shina kabla ya kuupanda.

*Mto nitengeneze kwa nini? (Kisumu)*

Kwa vanishi inayong'aa, tabaka jembamba baada ya jembamba, kila moja likauke kwanza. Epoksi inapendeza zaidi, lakini vaa glavu, fungua madirisha, na usimwage zaidi ya milimita 2 au 3 kwa mara moja. Ziba kila ufa wa ubao kwanza. Pangani yangu ilipita kwenye tundu la msumari na kumalizikia kwenye zulia, na zulia lile lipo hadi leo, gumu kama bati. Kabla ya kumwaga, paka kitanda cha mto kahawia, kikikolea katikati. Bluu waachie wachora ramani.

*Nimesikia majani ya miti hutengenezwa kwa sponji la godoro lililosagwa kwenye blenda. Ni kweli? (Baba wa watoto wawili, Kibaha)*

Ni kweli. Omba mabaki kwa fundi makochi, kata vipande vidogo, saga pamoja na maji na rangi, kamua, anika. Tafuta blenda yako mwenyewe. Sisemi zaidi.

*Nina ubao wa sentimita 120 kwa 60. Nianze na nini? (Dodoma)*

Duara zima halitaenea. Kona ndogo za kawaida za treni za 1:87 zina nusu kipenyo cha sentimita 36 au 37, kwa hiyo duara pamoja na nafasi ya pembeni linataka ubao wenye upana wa karibu sentimita 90. Fanya stesheni ndogo ya pembezoni, treni iingie upande mmoja na kutokea wa pili. Endesha mwezi mzima juu ya ubao mtupu kabla ya kumwaga hata kijiko cha udongo, na behewa lako refu kuliko yote lipite kila mahali unapopanga kuweka mwamba au ukuta. Wakati unangoja, jaribu rangi za udongo kwenye kipande cha boksi, chini ya taa ileile itakayomulika meza. Udongo uliochanganyiwa rangi juani hubadilika usiku kama kitenge cha dukani.