Dokta, kumlea kike ndo kumemharibu mdogo wangu?

SWALI: Dokta shikamoo, naomba usiandike jina langu wala mtaa. Mama alifariki mdogo wetu wa mwisho akiwa bado hajaanza shule, kaka zetu watatu wakubwa walishaondoka zamani kutafuta maisha, kwahiyo nimemlea mimi na bibi na dada yangu, nyumba ya wanawake watupu, amepika na sisi, amesuka bibi nywele, fomu wani akaenda bweni la wavulana mpaka fomu foo. Saa hivi yuko chuo ana miaka 23. Juzijuzi nikaona meseji kwenye simu yake, nikamuuliza, hakukataa, akalia akaniambia dada mimi navutiwa na wanaume toka mdogo na sijui kwanini. Sijamwambia mtu ila mjomba anahisi, anasema ni kulelewa kike na tumuozeshe haraka. Mchungaji nilimuuliza kama vile namuulizia mtu baki, akasema wanachagua wenyewe. Wengine wanasema bweni. Dokta niambie ukweli, nimemharibu mimi? Kazaliwa hivyo au kachagua?

JIBU: Marahaba dada. Nianze na hilo linalokunyima usingizi, hukumharibu. Hili la kulelewa kike nakujibu bila kigugumizi sababu kuna watoto walilelewa kike kweli kweli na bado haikuwageuza. Canada huko, mji wa Winnipeg, mwaka 1966 mtoto wa miezi 8 aliyekuja kujulikana kama David Reimer alipelekwa kutahiriwa, kifaa cha umeme kikamuunguza mpaka uume ukaharibika kabisa. Wazazi wakaenda Baltimore, Marekani, kwa mtaalamu mmoja maarufu enzi hizo, John Money, akawaambia mleeni kama msichana, mtoto anakuwa vile anavyolelewa. Akatolewa korodani kabla hajafikisha miaka 2, akaitwa Brenda, akavalishwa magauni, baadae akapewa homoni za kike, na hakuambiwa kitu, huku pacha wake wa kufanana analelewa kiume nyumba hiyohiyo. Gauni alikuwa analichana, na umri wa kutamani ulipofika akatamani wasichana. 1980 baba yake akamwambia ukweli, akarudi kuishi kama mwanaume, baadae akaoa. Maisha yake yaliisha vibaya, alijiua 2004, na sio yeye peke yake, kuna wavulana wengine wachache waliofanyiwa hivyo wakiwa wachanga na wale waliofuatiliwa ukubwani wamekutwa hivyohivyo, wanavutiwa na wanawake. Sasa kama kisu, magauni na homoni vimeshindwa, nywele za bibi ndo ziweze?

Bweni nalo. Uingereza walifanya utafiti wa taifa zima mwanzoni mwa miaka ya 1990 kuhusu mambo ya chumbani, wakakuta waliosoma bweni la jinsia moja ni kweli wengi zaidi walishawahi kufanya kitu na mwenzao wa jinsia hiyohiyo, ila ukubwani hawakuwa wameendelea nayo kuliko waliosoma shule nyingine. Yaani bweni linaleta tendo, halileti mvuto. Ila kama kuna mtu alimlazimisha kule hiyo ni habari nyingine kabisa, ni ukatili, muulize taratibu akiwa tayari, umuulize kwa ajili yake na sio kwa ajili ya kutafuta chanzo.

Kuchagua? Mchungaji wako mwambie habari za Exodus, jumuiya ya kikristo kule Marekani iliyokaa miaka zaidi ya 30 ikiombea na kushauri watu wabadilike, watu walioenda kwa hiari yao, wanafunga, wanalia, wengine wakaoa kabisa. 2012 mkuu wao Alan Chambers, ambae naye ni muumini, akasema asilimia 99.9 ya aliokutana nao mvuto wao haukubadilika, mwaka uliofuata wakafunga. Mtu anachagua afanye nini na hisia zake, ila hisia yenyewe inamkuta tu kama ilivyokukuta wewe.

Sa kazaliwa nayo? Sehemu kubwa ya ushahidi inaelekea huko, ila sio kama watu wanavyodhani kwamba kuna jeni moja, ukiwa nayo umekwisha. 2019 watafiti walipima watu kama 477,000, wengi wao Waingereza na Wamarekani, waliowahi kulala na mtu wa jinsia yao na ambao hawajawahi, wakapata sehemu 5 tu za jeni zenye uhusiano na kila moja mchango wake kiduchu, ukijumlisha jeni zote inakuja kati ya asilimia 8 na 25 ya tofauti baina ya watu. Mapacha wa kufanana wanafanana zaidi kwenye hili kuliko mapacha wa kawaida, lakini mara nyingi mmoja yuko hivi na mwenzie vile. Kinachobaki sio lazima kiwe malezi, kingine kinatokea tumboni. Na hapa umenigusa uliposema kaka watatu, sababu kila kaka mkubwa wa mama mmoja anaongeza uwezekano kwa kama theluthi hivi, hata kama hawakulelewa pamoja, na kaka wa kambo haongezi kitu. Wanadhani ni kinga ya mwili wa mama inavyozidi kupambana kila anapobeba mimba ya kiume. Usishtuke lakini, wengi mno wenye kaka watatu wanapenda wasichana kama kawaida.

Kumuozesha msikubali. Huyo binti mtakaemletea naye ni mtoto wa watu, ataishi anajiuliza ana kasoro gani. Hizo meseji azifute, simu aiwekee neno la siri, sheria yetu Tanzania kwa hilo tendo inaanzia miaka 30 jela na usitegemee mjomba atanyamaza. Halafu muulize kama analala usingizi na kama anakula.

SWALI: Dokta mimi niko Mombasa. Kama hiyo jeni haijapatikana mpaka leo basi si ndo ushahidi kwamba ni tabia ya kuiga wazungu?

JIBU: Ndugu yangu, watu wa mashoto nao hawana jeni moja, pacha mmoja wa kufanana anaweza kuandika kwa kushoto mwenzie kulia, mbona hatusemi wameiga. Hoja yako Museveni aliitumia Februari 2014, aliunda kamati ya wataalamu wake mwenyewe, wakamwandikia kwamba sio ugonjwa na kwamba hamna jeni moja inayosababisha, yeye akachukua hilo la pili akasaini sheria ya kupinga ushoga. Mwaka uliofuata akademia ya sayansi ya Afrika Kusini ikishirikiana na ya Uganda wakatoa ripoti, wakasema hawajaona ushahidi kwamba mtu anaambukizwa kwa kukaa na mashoga. Na kwenu Kenya, Mei 2019, Mahakama Kuu nayo iligusia kwamba hakuna uthibitisho kamili wa kuzaliwa hivyo, ikaviacha vilivyo vifungu vya 162 na 165 vya sheria ya jinai, vile vinavyotumika kuwashtaki mashoga. Hivyo vifungu asili yake ni sheria za Muingereza, kwahiyo kama unatafuta cha kuiga wazungu anzia hapo.