Mtoto aliyezaliwa na utando na sasa ana magamba: uamini yapi kati ya unayosoma

Dada wa Uvinza, pole, na hongera kwa mtoto. Umesema alizaliwa amevikwa utando mgumu unaong'aa, ukabanduka wiki za mwanzo, na sasa ana magamba ya kahawia mwili mzima. Mama mkwe anadai ulikula samaki wa mwiko ukiwa mjamzito, na kuna mtu WhatsApp anakuuzia "tiba ya kudumu". Unauliza uamini yapi kati ya unayoyasoma mtandaoni. Nakujibu kama baba wa binti mwenye hali hiyo, hapa Ujiji.

Siwezi kumpima mtoto kwa maandishi, ila uliyoeleza ndiyo tuliyoyaona kwa binti yetu, na tuliambiwa ni ikthiosi, ugonjwa wa kuzaliwa nao wa ngozi kavu yenye magamba, aina ya lamela. Mtafutie mtu aliyesomea ngozi. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, kuna kituo cha mafunzo ya ngozi kiitwacho RDTC, kilichoanza 1992, kinachofundisha madaktari na matabibu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika. Kabla ya kuwaza nauli ya Moshi, ulizia kwanza Maweni, hospitali ya mkoa wetu wa Kigoma, kama kuna aliyepitia mafunzo hayo na anaonana na wagonjwa siku gani.

Ngozi ya juu imejengwa mithili ya ukuta: seli ndizo tofali, mafuta ya ngozi ndiyo udongo wa kushikizia. Kwa wengi wenye aina hii hitilafu iko kwenye jeni iitwayo TGM1, iliyotambuliwa kuwa chanzo mwaka 1995. Jeni hiyo hutengeneza kimeng'enya cha kukaza ukuta. Kikikosekana maji ya mwilini yanavuja, ngozi inakauka, na mwili unajitetea kwa kurundika tabaka juu ya tabaka. Yapo majaribio ya kurudisha jeni isiyo na hitilafu kwa dawa ya kupaka, lakini hayajawa dawa ya kununua popote. Kwa hiyo ukurasa unaokueleza wazi kwamba hakuna tiba ya kuondoa kabisa, kuna matunzo ya kila siku, huo usome. DermNet ya New Zealand na Orphanet ya Ufaransa ni za namna hiyo. Mtafute kijana anayejua Kiingereza akusomee. Huyo wa WhatsApp muulize jina la dawa iliyomo kwenye kopo lake. Akikwepa, achana naye. Krimu nyingi za kuchanganywa zina klobetasoli, dawa kali ya jamii ya steroidi, na ngozi inayovuja hivyo huipeleka dawa moja kwa moja kwenye damu ya mtoto. Hata asidi ya salisiliki, ambayo ni dawa halali ya kulainisha magamba, inaweza kumdhuru mtoto mchanga ikipakwa mwili mzima.

Lakini hata kurasa nzuri zina upungufu kwetu. Picha nyingi ni za watoto weupe, na zinakuambia utafute wekundu. Kwa mtoto wetu wekundu hauonekani. Panapowaka pana weusi uliozidi, na ukigusa pana joto. Tena nyingi zinaogopa baridi, wakati hapa Kigoma adui ni joto. Magamba yanaziba vitundu vya jasho, mtoto hatoki jasho, mwili unachemka. Binti yetu saa nane mchana kiangazi uso unakauka kabisa huku anahema haraka. Tunamvua, tunamfunika khanga iliyolowekwa maji ya kawaida, tunampepea, na maji ya kunywa hayakosekani. Wako bado mdogo, basi mnyonyeshe mara kwa mara. Akipata joto mpoze kwanza, kisha mpeleke akapimwe malaria vilevile, maana ikthiosi haimkingi na mbu.

Kila siku mlaze kwenye beseni la maji ya uvuguvugu mpaka magamba yalegee, uyasugue taratibu kwa kitambaa laini. Usibandue kwa kucha. Mfute kidogo, na kabla ngozi haijakauka mpake mafuta ya mgando yasiyo na manukato, kwa wingi, hadi kwenye mikunjo. Rudia kila ngozi inapokaza. Mtazame pia akilala: kope zikivutwa nje na jicho likabaki wazi, uliza hospitali mafuta ya macho ya usiku, kwani jicho likikauka linapata vidonda. Masikio nayo huzibwa na magamba, na watu wakadhani mtoto hasikii. Na usimfiche ndani kwa sababu ya majirani. Watoto wa hali hii, hasa wenye ngozi nyeusi, hupungukiwa vitamini D na kupata matege. Mtoe asubuhi jua likiwa pole, na muulize daktari kama anahitaji matone.

Kuhusu mama mkwe: samaki hahusiki kabisa. Kwa kawaida mtoto wa aina hii amepokea nakala moja ya jeni yenye hitilafu kwa baba na nyingine kwa mama, na wazazi wote ni wazima. Uwezekano wa mtoto kuwa na hali hii ni 1 kati ya 4 kwa kila mimba, hata zijazo. Nenda kliniki na mumeo, na ikiwezekana na mama mkwe mwenyewe, ili daktari aseme hayo wote mkiwa mmekaa. Ukifika mjini niandikie, mke wangu atakupokea na mtamwogesha mtoto pamoja uone anavyofanya.