Jibu: Sera ya umeme kwa majengo ya halmashauri, nianzie wapi?

Habari mkuu. Kumbe rasimu imekwama kwa sababu kila idara inataka sola kwanza. Sola isubiri, anza na bili.

Kusanya za miezi 12, jengo kwa jengo. Kama mita moja inalisha ofisi tatu, omba mita ndogo ya kila ofisi kwanza, la sivyo mtabishana mpaka bajeti ipite. Jengo kubwa likiwa kwenye T2 ya TANESCO, yaani kundi la bei la wateja wanaotumia umeme mwingi, mnalipia na kVA pia: kilele cha umeme mliovuta kwa wakati mmoja ndani ya mwezi. Viyoyozi vyote vikiwaka kwa pamoja asubuhi, mnaumia.

Tyubu ya wati 36 ukiweka LED ya wati 18, nusu imeondoka. Halafu andika, kwa cheo, nani anazima swichi jioni. Kwetu kipengele hicho kilisaidia kuliko semina zote.