Wasomaji Wanauliza: Eti wachimba makaa Marekani walilipwa visarafu vya dukani?

SWALI: Mambo vipi wahariri. Niko Mbinga, huku malori ya makaa ya mawe ndo maisha yetu. Sasa kuna jamaa kijiweni anasema zamani Marekani wachimba makaa walikuwa hawalipwi hela ya kawaida, wanapewa sarafu za kampuni, na ukikorofishana na bosi unatolewa mpaka kwenye nyumba. Ni kweli au anatupiga fiksi? Na kama kweli si wangehama tu?

JIBU: Ametia chumvi kidogo tu, mengi ni kweli. Chukua kaunti ya Harlan, milimani huko mashariki ya jimbo la Kentucky. Mwaka 1910 ilikuwa na watu kama 10,000 hivi, wakulima tu, reli ikafika 1911 na kufikia 1930 wakawa zaidi ya 64,000. Miji ya kuwapokea haikuwepo kwa hiyo kampuni zikajenga zenyewe, nyumba zao, duka lao, mpaka daktari wao. Lynch ilianza kujengwa 1917 na kampuni tanzu ya U.S. Steel, na Benham pale jirani ni ya International Harvester, wale wa matrekta.

Hela taslimu ilikuwepo, ila siku ya mshahara iko mbali, mtu akiishiwa anaenda ofisini kukopa mshahara wake mwenyewe na anapewa visarafu vya chuma vyenye jina la kampuni, na pa kuvitumia ni duka la kampuni hiyohiyo. Bado makato: kodi ya nyumba, daktari, baruti, hata kunolewa vifaa. Na wengi walilipwa kwa tani, ukijaza behewa unatundika kipande cha shaba chenye namba yako, likifika juu anayepima ni mtu wa kampuni, akiona mawe yamechanganyika unakatwa. Kusimamisha nguzo ili paa la mgodi lisikuangukie? Mara nyingi hiyo hulipwi. Hapo ndo mi huwa nachoka kabisa.

Kuhama walihama sana tu, lakini unahamia kambi nyingine ambayo nayo ni ya kampuni. Ukijiunga na chama cha wafanyakazi unakosa kazi na nyumba kwa mpigo, na ukisema ukashtaki, askari wengi wa sherifu, yaani mkuu wa polisi wa kaunti, walikuwa wanalipwa na wenye migodi haohao. Februari 1931 wenye migodi wakapunguza mishahara kwa asilimia 10, mgomo ukasambaa, na tarehe 5 Mei risasi zikarindima karibu na mji mdogo wa Evarts humo Harlan, wakafa wanne, watatu wakiwa askari na walinzi wa upande wa migodi. Chama kilikuja kukubalika mwishoni mwa miaka ya 1930, baada ya sheria ya kazi ya 1935 iliyolinda haki ya kujiunga na vyama.

SWALI: Nasoma kutoka Nakuru. Weusi walikuwepo huko Harlan? Na siku hizi kukoje?

JIBU: Walikuwepo tena wengi, Lynch hasa, wametolewa Alabama, jimbo la kusini, wakachanganyika na Waitaliano na Wahungaria. Mgodini walichimba pamoja, ila juu shule zilikuwa mbalimbali. Miaka ya 1950 mashine zikachukua kazi, watu wakatimkia Detroit na Cleveland, kaunti ikapoteza watu kama 20,000 ndani ya miaka kumi, na sensa ya 2020 ilikuta hawafiki 27,000. Usicheke, ila makumbusho ya makaa pale Benham tangu 2017 inatumia umeme wa jua.

Na mtindo wa kudai haki hawajauacha. Julai 2019 kampuni ya makaa ya Blackjewel ikafilisika ghafla, hundi za mishahara zikadunda, watu walioshanunua vitu wakajikuta akaunti zinasoma deni. Wachimbaji wakaenda kukaa relini pale mji wa Cumberland, humohumo Harlan, kuzuia treni iliyobeba makaa waliyochimba wenyewe, wake na watoto wakaja, mahema yakafungwa, wiki zikapita. Treni haikupita, na hela yao walikuja kulipwa baadaye kupitia mahakama.