Kiunzi cha seli za ini wakati wa sepsisi: usipime aktini kwa rula ya aktini

Mleta mada ameuliza mambo mawili kwa mkupuo. La kwanza, kwa nini mgonjwa wa sepsisi (maambukizi makali yanayovuruga viungo) anageuka manjano ilhali ALT yake, kimeng'enya kinachovuja damuni seli za ini zikiumia, imepanda kidogo tu. La pili, kwa nini westani bloti zake (kipimo cha kutambua protini kwa kingamwili) za maini ya panya waliochomwa endotoksini, sumu ya ukuta wa bakteria, zinaonyesha keratini kama imetoweka, na aktini inayumba kutoka sampuli hadi sampuli. Ukiyatazama vizuri, maswali haya yana mzizi mmoja. Katika maambukizi makali, protini za kiunzi cha seli ya ini huhama na kubadilika umbo kabla kiasi chake hakijabadilika. Anayepima kiasi peke yake hulikosa tukio lenyewe.

Tukumbushane kidogo. Seli ya ini inasimama kwa nyuzi za aina tatu. Aktini, unene wa nanomita 7 hivi, imetandazwa chini ya utando na kusongamana zaidi kuzunguka vifereji vya nyongo. Mikrotubuli, nanomita 25, ndizo njia za kusafirishia vifuko vya protini. Kati ya hizo kuna nyuzi za keratini, nanomita 10, na hapa ini lina upekee wake: seli ya ini ya mtu mzima ina jozi moja tu, K8 na K18, wakati seli za mirija ya nyongo zina K7 na K19 pia. K8 ikikosekana hakuna ya kuziba pengo. Panya walioondolewa jeni ya K8 wana seli za ini zinazopasuka kirahisi, na huumizwa na TNF, protini ya uvimbe, kuliko panya wa kawaida.

Sasa manjano. Kifereji cha nyongo ni upenyo mwembamba kati ya seli mbili zilizopakana, upana wake mikromita 1 au zaidi kidogo, na kuta zake zimejaa vinyweleo ambavyo kiini cha kila kimoja ni fungu la aktini. Paka kipande cha ini lenye afya faloidini yenye rangi (sumu ya uyoga inayoshika nyuzi za aktini), utaona mistari miwili myembamba inayong'aa, ikikimbia sambamba na kupinda kila mpaka wa seli unapopinda. Katika utando huo ndimo zinamokaa pampu: BSEP inayotoa chumvi za nyongo, na MRP2 inayotoa bilirubini iliyokwisha kuunganishwa na asidi ya glukuroniki. MRP2 haielei tu pale. Imefungwa kwenye aktini kwa protini iitwayo radiksini. Panya asiye na radiksini hupoteza MRP2 kwenye utando wa kifereji, na bilirubini iliyounganishwa humpanda damuni.

Endotoksini ikifika, seli za Kupffer, walinzi wa kinga ndani ya ini, humwaga TNF, IL-1 na IL-6, protini za kuamsha uvimbe. Ndani ya saa chache MRP2 hung'olewa utandoni na kuvutwa ndani ya seli kwenye vifuko vidogo. Baadaye ndipo utengenezaji wake unaposhuka, pamoja na ule wa NTCP, pampu inayoingiza chumvi za nyongo kutoka damuni. Bilirubini imeshaunganishwa, lakini mlango wa kutokea umeondolewa, basi inarudi damuni. Seli iko hai na utando wake mzima, ndiyo maana ALT haimwagiki kwa wingi. Hii ndiyo picha ya kawaida ya manjano ya sepsisi: bilirubini iliyounganishwa juu, ALT na AST zimepanda kiasi. Ieleweke kwamba bilirubini hiyo si namba ya pembeni. Kwenye alama za SOFA za awali, zinazopima ubovu wa viungo kwa mgonjwa mahututi, 20 hadi 32 mikromoli kwa lita ni alama 1, 33 hadi 101 ni alama 2, 102 hadi 204 ni alama 3, na zaidi ya hapo ni 4.

Tahadhari kwa walioko wodini: maelezo haya yasitumike kufunga mjadala mapema. Piga ultrasaundi kwanza kuondoa jiwe au mrija ulioziba, angalia malaria na kuvunjika kwa chembe nyekundu, pitia orodha ya dawa (seftriaksoni hutengeneza tope kwenye kibofu cha nyongo), na ukumbuke leptospira, bakteria anayeenezwa na mkojo wa wanyama. Huyo mdudu ana njia yake: kwenye hamsta ameonekana akijipenyeza katikati ya seli za ini na kuzitenganisha, nyongo ikavuja kutoka kwenye kifereji. Manjano ni yaleyale, ila kilichovunjika ni maungio.

Mikrotubuli nitazipitia haraka. Ini lililopata habari ya maambukizi hutengeneza protini za dharura kwa wingi, nazo lazima zisafiri hadi utandoni. Kolkisini, inayovunja mikrotubuli, huzuia ini la panya kutoa protini zake damuni. Kama umepanga kupima mwitikio huo, usipime CRP (protini ya dharura inayopimwa kwa binadamu) kwa panya mkubwa wa maabara, kwa sababu yeye anayo nyingi hata akiwa mzima. Pima alfa-2-makroglobulini. Kwa panya mdogo, pima amiloidi A ya seramu.

Kwenye vijishipa vya ini nako aktini ina kazi. Seli za ukuta wake zina vitundu vya nanomita 50 hadi 150 hivi, vikizungukwa na pete za aktini, na endotoksini hupunguza vitundu hivyo. Ukitaka kuviona, kuchovya kipande kwenye dawa hakutoshi. Pitisha glutaraldehaidi kupitia mshipa wa lango la ini (portal vein) kwa shinikizo dogo, takriban sentimita 10 za maji. Ukizidisha shinikizo utachana ukuta mwenyewe, kisha uandike kwamba ni sepsisi.

Tuje mezani, maana ndiko mleta mada alikokwama.

Keratini yako haijapotea. Iko kwenye mashapo uliyoyamwaga. Bafa ya RIPA, ile ya kawaida ya kuyeyushia tishu, haiyeyushi sehemu kubwa ya K8 na K18. Ukizungusha na kuchukua maji ya juu peke yake, umechukua mabaki. Fanya hivi: chukua miligramu 50 za ini, saga kwenye mililita 1 ya PBS yenye Triton X-100 asilimia 1, EDTA milimola 5, na vizuizi vya protiasi na vya fosfatasi pia. Zungusha kwa 14,000 g dakika 10 kwenye 4 °C. Maji ya juu yatunze, hayo ni keratini iliyoyeyuka. Mashapo yasage tena kwenye bafa ya chumvi kali: Tris milimola 10 pH 7.6, NaCl milimola 140, KCl mola 1.5, EDTA milimola 5, Triton asilimia 0.5. Acha dakika 30 kwenye baridi ikizungushwa taratibu, rudisha kwenye sentrifuji dakika 20, kisha osha mashapo kwa PBS yenye EDTA. Kuosha huku usikuruke. Potasiamu ikibaki hukamatana na SDS (sabuni ya kuyeyushia protini) na kuganda kuwa uji mweupe, na sampuli haitashuka kwenye jeli. Ukishaosha vizuri, yeyusha kwa bafa ya SDS na uchemshe.

Pima sehemu zote mbili, kwa sababu keratini iliyobandikwa fosfeti huhamia zaidi upande wa kuyeyuka. Seli ikiwa kwenye msukosuko, kimeng'enya p38 hubandika fosfeti kwenye serini ya 73 ya K8. Kwa panya mdogo nafasi hiyo huhesabiwa 79, kwa hiyo soma karatasi ya kingamwili kabla ya kununua. Na vaa glavu. Ngozi ya vidole ina keratini zake, na kingamwili inayokamata keratini zote itazionyesha bila kukuambia zimetoka wapi.

Aktini inayoyumba ina sababu nyepesi zaidi: umeifanya kipimo cha kusawazishia sampuli wakati ndiyo inayochunguzwa. Katika sepsisi, beta-aktini na tubulini hazifai kusawazisha mistari ya jeli. Paka utando wa bloti rangi ya Ponceau S asilimia 0.1 kwenye asidi ya asetiki asilimia 5, piga picha, sawazisha kwa protini yote ya mstari. Hata hivyo kiasi cha aktini yote kinaweza kubaki palepale huku mgawanyo ukiwa umegeuka. Ili kutenganisha iliyo kwenye nyuzi na iliyo huru, saga ini bichi, lisiwe lililogandishwa, kwenye bafa ya joto ya 37 °C yenye PIPES pH 6.9, magnesiamu, EGTA, gliseroli na ATP. Ondoa vipande vizito kwa 350 g dakika 5, kisha zungusha 100,000 g kwa saa 1, bado kwenye 37 °C. Nyuzi zitakuwa chini, aktini huru juu. Sentrifuji ikiwa baridi, hesabu yako imeharibika.

Baridi ndilo kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko yote. Mazoea ya maabara ni kutupa kila kitu kwenye barafu, nazo mikrotubuli huvunjika kwenye baridi. Kipande kilichokaa barafuni kabla ya kuhifadhiwa kwa formaldehaidi kitaonyesha mikrotubuli zimesambaratika kwa panya wa sepsisi na kwa panya mzima sawasawa. Faloidini nayo ina masharti: tumia vipande vilivyogandishwa na formaldehaidi, epuka methanoli, na usijaribu kwenye nta ya parafini.

Kuhusu damu ya wagonjwa, kipimo cha M30 hukamata K18 iliyokatwa na kaspesi (vimeng'enya vya kujiua kwa seli), na cha M65 hukamata K18 yote. Hupanda kwenye sepsisi, lakini K18 hutoka pia kwenye utumbo na mapafu, basi usiziite kipimo cha ini. Na vifaa hivyo vimetengenezwa kwa K18 ya binadamu, usivipeleke kwa panya. Jelsolini, protini ya damu inayokata nyuzi za aktini, huenda kinyume: hushuka, kwa kuwa pamoja na globulini ya Gc inamalizika ikikamata aktini iliyomwagwa na seli zilizokufa.

Chukua maini saa 6 na saa 24 baada ya sindano, si saa 24 peke yake, ili kuhama kwa pampu kusichanganyike na kupungua kwake. Na bajeti ikiruhusu kingamwili moja tu, nunua ya MRP2, uipake pamoja na faloidini kwenye kipande kimoja. Kwa panya mzima rangi mbili zitalaliana kwenye mistari ile myembamba. Kwa aliyechomwa endotoksini, tafuta vitone vya MRP2 vilivyotawanyika kando yake, ndani ya seli.